Aliyefagia Chini ya Mulombwa

Kama kuna kitu ambacho Inspekta Ngalula hakukiamini katika kazi yake, ni mtu anayekiri kabla ya kuulizwa. Mwizi wa nyaya za shaba atakana huku nyaya zenyewe zimemzunguka kiunoni; hiyo ni kawaida, na kila mtu Kolwezi anaielewa. Lakini Mwenze, mhandisi wa misitu, mtu mzima aliyesoma, alikutwa kando ya moto akiupiga kwa tawi bichi, na polisi hawajafungua mdomo akasema, "Njo mi. Mi njo niliwasha." Baada ya hapo akanyamaza. Akakaa mahabusu bila kudai wakili wala blanketi, na baridi yote hii ya mwezi wa saba. Mtu anauzima moto kwa nguvu zake zote, halafu anasema ameuwasha yeye! Jamani, huyo ana lake jambo.

Moto wenyewe haukuwa mchezo. Ulikula msitu wa Kilela, ambao Mwenze aliutunza miaka na miaka kwenye barabara ya Lubudi, ukarukia shamba la mahindi la jirani, ukamchoma Modeste, mlinzi wa shamba, mikono yote miwili. Modeste yuko hospitali. Daktari anasema ataishi, ila kuhusu vidole hataki kuahidi kitu.

Kamanda wa Ngalula aliridhika kabisa. Mshtakiwa amekiri, faili limefungwa, alasiri gari linampeleka kwa mwendesha mashtaka, na kutoka kule ni gereza tu. Mtu akiingia kule na maungamo yake mwenyewe mkononi, hatoki mpaka amezeeka.

"Fanya unavyotaka mpaka gari itoke," kamanda alimwambia Ngalula. "Lakini unatafuta nini, mama? Mutu mwenyewe anasema njo ye."

"Natafuta juu ya nini anasema, sababu yake," Ngalula alijibu, akavuta koti lake akatoka.

Asubuhi ile alipanda pikipiki, akapita Musonoi, pale mashimo ya mgodi yanapokaribia milango ya watu mwaka hadi mwaka. Ngalula alizaliwa Dilala, baba yake Mkasai wa mgodini, na utotoni walikuwa wanakuja huku na ndoo kuokota masuku, yale matunda matamu ya porini. Mahali pale pa masuku sasa ni shimo, na chini yake malori yanazunguka. Aliyatamani masuku ghafla, mpaka mate yakamjaa kinywani, akakasirika na kumwambia dereva aongeze mwendo.

Kilela alimkuta Kabemba, mlinzi wa msitu, mtu mrefu mwenye mafua na macho mekundu. Ngalula hakujua wekundu ule ulikuwa wa moshi au wa kulia. Kabemba alimsimamisha kwenye ukanda mweusi uliouzunguka msitu wote, mpana kama barabara ya gari. Ukanda ule ulikuwa tayari umeanza kuchipua nyasi za kijani.

"Hii ni moto ya juzi?" Ngalula aliuliza.

"Hapana, mama. Hii ni yetu. Mwezi ya tano, wakati majani ingali na maji, mi na ingénieur Mwenze tunachomaka muzunguko yote."

"Ninyi batu ba pori munachoma pori yenu benyewe?"

Kabemba alitabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu afike huyu mama. "Njo kazi, mama. Unachoma kidogo mapema, mupole mupole, ili moto mukali ya mwezi ya tisa ikifika hapa ikose cha kula. Ni kama chanjo ya mutoto. Moto ya inje haipitake hii barabara."

Ngalula alisimama pale akafikiri. Nje ya ukanda, upande wa barabara kuu, nyasi zilikuwa ndefu, kavu, hazikuguswa. Ndani ya ukanda, msitu ulikuwa majivu. Haikuhitaji shahada. Moto huu haukutoka nje. Mtu aliuvuka ukanda kwa miguu yake, akaingia ndani kabisa, ndipo akawasha.

"Na ku mahindi ilifika namna gani?"

Kabemba alinyoosha kidole kwenye gogo refu lililokauka limesimama, sasa limebaki kaa tupu. "Ile kizee. Mupepo ilibeba cheche zake kule juu, zikaruka barabara, zikaangukia mahindi ya kukauka. Barabara inasimamisha moto ya chini. Ya hewani, nani ataisimamisha?"

Haya. Sasa ni wapi moto ulipoanzia? Kabemba alimfundisha jambo ambalo Ngalula hakulijua. Kwenye kila mti uliosimama, weusi wa moto ulikuwa mfupi upande mmoja na ulipanda juu upande wa pili. Moto unaokimbizwa na upepo hupita mti kisha hugeuka na kulamba mgongo wake. Kwa hiyo upande wenye weusi mfupi ndio uliotazama kule moto ulikotoka. Ngalula hakukubali kwa mti mmoja. Alizunguka wa pili, wa tatu, akarudi kwenye wa kwanza, akamfanya Kabemba arudie maelezo. Miti yote ilisema jambo lilelile. Wakaanza kutembea kinyume cha upepo, mti kwa mti, majivu yakiwaingia viatuni.

"Kama ingekuwa Mwenze," Ngalula aliuliza njiani, "angewashia upande gani?"

"Kule mbele, mwisho, ili moto irudie nyuma polepole kwa kupigana na mupepo. Huku nyuma? Mama, huku njo unaipatia moto miguu. Hata mulevi wa kazi yetu hawezi."

Njiani walikuta vijiti vya kupimia ardhi, vimepangwa mstari mmoja, vimeungua nusu, rangi nyekundu bado inaonekana. Kabemba alitema mate pembeni. Ni vya Kabasele, alisema, mtaalamu wa kilimo, mwenye mahindi. Anautaka msitu huu awe shamba. Ngalula akavipiga picha kwa simu, na moyoni akasema, basi, nimempata. Alikuwa na haraka ya kufurahi.

Ndipo Kabemba aliposimama na kuvua kofia.

Mbele yao, katikati ya majivu yote yale, kulikuwa na duara la udongo safi, na ndani yake mti mchanga, unaomfikia Ngalula kifuani. Ulikuwa hai. Upande mmoja majani yamekauka kwa joto, lakini upande mwingine yalikuwa yanacheza na upepo.

"Ni mulombwa," Kabemba alisema. Alipiga chafya pembeni akaomba radhi. "Ile muti ya damu. Ukiukata unatoka maji mekundu. Ingénieur aliupanda wakati mutoto wake Tina alikufa. Homa ilimubeba kwa siku kidogo tu. Bakamuzika Kolwezi, ye akakuya huku, akapanda. Kila asubuhi anapitaka hapa mbele ya kuanza kazi."

Ngalula alichuchumaa. Kama mtu angetaka mti huu upone, angefanyaje? Kabemba alieleza bila kusita. Unashika jembe, unakwangua mpaka udongo, majani yote unayatupa mbali. Lakini hapa hakuna aliyekwangua. Udongo ulikuwa na mistari myembamba iliyojipinda, mmoja baada ya mwingine, tangu shina hadi ukingoni. Mistari hiyo Ngalula aliijua tangu ana akili zake. Aliichora kila asubuhi ya utoto wake, kabla ya shule, kwenye uwanja wa mama yake. Ni fagio. Na pale ukingoni, majani yaliyofagiliwa yalikusanywa chungu moja nadhifu, sasa chungu ya majivu meupe. Chungu ile iliwaka kwa ukali kuliko kitu chochote, ndiyo iliyouchoma mti ubavu.

"Ni weye ulifagia?"

"Mi? Mi na fagio mu pori?" Kabemba karibu achukie. "Na mutu wa kazi yetu hawezi kuacha lundo pale. Lundo njo inaua."

Mtu alikuja kuuchoma msitu mzima, na kabla ya kuwasha akainama akafagia chini ya mti mmoja. Ngalula alisimama, akaupiga picha ule mti pamoja na mistari yake.

Kabasele alikuwa kwenye shamba lake, au tuseme kwenye mabaki yake, anamenya hindi lililoungua, anatazama, analitupa, anachukua jingine. Mtu mfupi, shati safi, buti za matope ya zamani. Ngalula hakumpa nafasi ya salamu ndefu.

"Tata Kabasele, bijiti byako biko ndani ya pori ya Mwenze. Bilikuwa binafanya nini mule?"

"Binapima," Kabasele alisema bila haya. "Niliomba kwa bakubwa banipatie ile pori. Nusu yake. Mi sifiche kitu."

"Na Mwenze alisema nini?"

"Alinitukana. Mi pia nilimutukana. Mama inspecteur, Kolwezi yote inakula unga ya Zambia! Siku moja camion za kuleta unga zinakwama ku mupaka, batu banalala njaa. Na rafiki yangu eko anachunga miti. Nilimuuliza, miti batu banaikulaka? Alijibu udongo yangu inatoka ku miti yake, na bila miti nitalima mawe. Njo ile mazungumzo tangu université. Tulikaa banc moja ya darasa kule Lubumbashi, mama. Halafu ye akachukua miti, mi nikachukua mahindi."

"Basi ukamuchomea."

Kabasele alimwangalia kama mtu aliyeambiwa amekula mtoto. "Moto? Mi? Moto inaua udongo! Mulimaji mwenye kuchoma majani mu shamba yangu, namufukuza siku ileile. Mwenye kupenda moto ni Mwenze, na ile barabara yake nyeusi. Batu bote banafikiri ni sisi, ba kilimo, tunachoma. Muulize mutu yeyote hapa. Nikitaka ile pori naleta tracteur na makaratasi, sileti kibiriti. Na angalia!" Alizungusha mkono. "Hii yote ilikuwa ya kuvuna. Camion ilikuwa inakuya juma ileile."

Kisha Kabasele alisema polepole, huku bado ana hindi mkononi.

"Baba yangu alikuwa mulimaji kule Lubudi. Mi nilikuwa nasimama ku reli, naangalia wagon za mahindi zinashuka ku miji. Mahindi yetu. Batu ba mugodi banakula mukono ya baba yangu. Ile kitu haiko tena, mama. Nilitamani kuiona mara moja tu, hata wagon moja, mbele ya kufa."

Ngalula alimwamini, na hilo lilimuudhi, kwa sababu lilimwacha bila mtu. Alimuuliza kwa mazoea tu kama siku ile aliona mgeni yeyote.

"Mugeni, hapana. Bibi ya Mwenze tu, muke yake."

"Nani?"

"Mama Valérie. Alikuya na pikipiki asubuhi. Mi mwenyewe nilimuonyesha njia, kwani hakuwahi kufika huku. Mwaka na mwaka Mwenze eko hapa, bibi eko Dilala. Nilifurahi sana. Nilisema, mwisho amekuya kumuona bwana yake." Kabasele alitikisa kichwa. "Alikuwa na fagio mupya mu mukono. Nikasema, masikini, anakuya kumufagilia ile kanyumba yake."

Ngalula alimshukuru, akaenda kwenye pikipiki. Akamwambia dereva ampeleke mjini.

Mwenze aliletwa kwake kwenye chumba chenye meza moja na viti viwili visivyolingana. Alikuwa na ndevu zilizoanza kuota na majivu bado kwenye mikunjo ya mikono. Ngalula alianza taratibu, kama anayejaza nafasi tu.

"Uliwashia upande gani, tata ingénieur?"

"Nyuma. Upande ya mupepo."

"Weye, mutu ya kazi, unawashia upande ya mupepo?"

"Nilikuwa na hasira."

"Hasira na nani?"

"Na Kabasele. Na bijiti byake." Alijibu kama mwanafunzi aliyekariri. Alikuwa na siku mbili za kupanga majibu, na aliyapanga vizuri.

Ngalula alisogeza kiti. "Na muti ya Tina?"

Mwenze alifumba macho. "Iliungua," alisema. "Niliungua naye."

"Uliona kwa macho yako?"

"Upande ile yote ilikuwa moto. Haingeweza kupona. Ni katoto, ile muti, iko na maganda ya karatasi."

"Tata Mwenze, haikuungua."

Alifumbua macho. Ngalula aliwasha simu, akaiweka mezani, akaisukuma mpaka mbele yake. Mti, majani yake ya kijani, duara safi. Mwenze aliishika ile simu kwa mikono miwili. Aliisogeza usoni, akaiondoa, akaisogeza tena. Kidole chake kilipita juu ya ile mistari ya fagio, mmoja baada ya mwingine.

"Alifagia," alisema. Hakuwa anamwambia Ngalula. "Alimufagilia."

Kisha akalia, kilio cha mtu mzima ambaye hajazoea, cha kukoroma, bila kuficha uso. Ngalula aliwahi kuona watu wengi wakilia kwenye kiti kile. Wengi hulia kwa ajili yao wenyewe. Alitazama ukutani mpaka Mwenze akapata pumzi.

"Ulimuona?"

"Mugongo tu. Kitambaa yake, anakimbia ku barabara. Nilijua kitambaa. Mi njo nilimununulia." Alipangusa uso kwa mkono, majivu yakachora mstari shavuni. "Mama, nakuomba. Niache mi. Mi nimezoea kuikala peke yangu mahali hamuna mutu. Ye hawezi. Ye anaogopaka nyumba ikinyamaza. Uandike njo mi, gari inibebe, na ikwishe."

"Na Modeste? Mikono ya Modeste niandike nini?"

Mwenze alirudisha simu mezani taratibu, akaigeuza ili picha imwelekee yeye.

Nyumba za zamani za kampuni kule Dilala zinafanana zote, matofali mekundu, baraza fupi, bati lililotoboka. Ya Mama Valérie ungeitambua kwa uwanja wake. Ulifagiliwa asubuhi ile, mistari ikikimbia tangu mlangoni hadi kwenye ua, na majani ya mparachichi yamekusanywa chungu moja nadhifu pembeni ya shina. Ngalula aliitazama ile chungu akapumua kwa nguvu. Alitamani angeikuta nyumba chafu.

Mama Valérie alikuwa mwanamke mwembamba, kitenge kimefungwa vizuri, macho yamevimba. Alimkaribisha, akampa kiti, akamletea maji. Hakuuliza kilichomleta.

"Mama Valérie, nimetoka Kilela," Ngalula alisema. "Nimeona muti ya Tina."

Mwanamke alikaa. Mikono yake ilishikana mapajani.

"Inaishi?"

"Inaishi. Upande moja imeungua kidogo. Uliacha majani karibu."

"Sikujua," Valérie alisema haraka, na hilo ndilo lilikuwa ungamo lake, kabla ya jingine lolote. "Nilifuata njia ya miguu ya Mwenze mpaka ku muti, nikafagia vile nafagiaka kaburi ya Tina hapa. Sikujua majani ya kukusanya inakuwaka mubaya."

Ngalula alitoa kalamu, lakini hakuandika. "Juu ya nini, mama?"

Valérie alianza kusema, na mara alipoanza hakusimama. Tina alipokufa, Mwenze alikaa nyumbani wiki moja, hasemi, hali ugali wake wa bukari, halafu akarudi msituni, na tangu siku ile hakurudi. Alikuwa anakuja, ndiyo, Jumapili moja moja, ananuka majani, anakaa pembeni ya kiti kama mgeni, jua likigeuka anaondoka. Valérie alimwomba. Aliwatuma mapadri, aliwatuma mashemeji. Kila mara jibu ni lile, pori haina mutu wa kuichunga. Hata pale Dilala, majirani wake wa Kikasai walianza kumwita mjane, kwa utani, na yeye akicheka nao, na usiku kitanda ni kipana.

"Ye analilia mutoto ku muti," alisema. "Mi namulilia ku kaburi. Mama, hatuyamulilia ule mutoto pamoja hata siku moja. Nilikuwa nahitaji tu akuye, akae hapa, tulie. Nikasema, hii pori njo inamushika. Pori ikiisha, atakosa kwa kwenda. Atarudia nyumba."

"Na batu? Hukuogopa moto itafika kwa batu?"

"Ye mwenyewe alinielezaka!" Valérie alinyanyua macho, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na hasira ndani yake. "Miaka yote ananieleza ile barabara yake nyeusi. Moto haipitake pale. Haipitake! Kama angenieleza bitu bingine, ningejua bitu bingine. Nilipita barabara, nikawasha ndani, nikasema itakula miti tu, itafika ku barabara, itakufa. Niliamini neno yake." Hasira ikamwisha. "Sikusikia cheche zinarukaka. Hakunielezaka cheche."

Ngalula alijua kuwa ni kweli tupu. Kila neno lilikaa mahali pake, ukanda, fagio, upande wa upepo ambao mwenye kazi asingeuchagua. Hakuhisi furaha hata chembe. Kesi safi kuliko zote alizowahi kushika, na angeitoa kwa mtu yeyote aliyepita njiani kama angeipokea.

"Na ulinyamaza," alisema.

"Nilikimbilia polisi siku ileile. Mulinzi ya mahabusu akatoka na neno ya Mwenze: mwambie afunge mudomo, achunge nyumba. Njo kitu ya kwanza ananiomba tangu Tina. Nikafunga." Akainama. "Lakini nilikuwa nakungojea. Kila pikipiki ikisimama, nasema njo weye."

Ngalula aliandika. Kazi ni kazi. Alimsomea alichoandika, neno kwa neno, na Valérie alikubali kila neno, akamsahihisha mahali pamoja tu, kwamba fagio lilikuwa jipya, alilinunua kwa ajili ya siku ile. Kisha Ngalula akampigia simu kamanda. Gari liende bila Mwenze. Ndiyo, ana uhakika. Ndiyo, maungamo mengine, na safari hii yanalingana na mahali. Mwenze asaini kuwa alidanganya, atajibu hilo baadaye, lakini leo aachwe aende.

Valérie alikuwa amesimama. Alikuwa amesikia neno moja tu katika yote yale.

"Banamuacha leo?"

"Leo. Sasa hivi."

"Anakuya hapa? Ku nyumba?"

"Ataenda wapi tena, mama? Kule hamuna tena pori."

Uso wa yule mwanamke ulifunguka. Ngalula hakuwahi kuona furaha ya namna ile kwa mtu aliyetoka kusaini jambo zito kiasi kile. Valérie aliingia ndani, akatoka, akapuliza makaa kwenye jiko la mbabula, akabandika maji ya kuoga. Akafungua sanduku, akatoa shuka zilizokunjwa muda mrefu, akazikung'uta dirishani. Aliongea bila kukoma, kwamba Mwenze hapendi maji ya vuguvugu, lazima yachemke kabisa, kwamba sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, iko tayari ya jana, ataipasha moto, kwamba atamkataza viatu ndani maana vitakuwa na majivu. Ngalula alisimama mlangoni akamwacha. Pingu zilikuwa mfukoni mwake na alizishika zisilie.

Shuka ilivutwa pembe hadi pembe. Mto wa kwanza ukawekwa ukutani, pale Mwenze alipokuwa analala. Valérie alichukua mto wa pili, akaupiga piga ujae, akainama kuuweka kando ya ule mwingine, na pale mikono yake ikasimama. Alikaa hivyo ameinama, ameushika. Maji yalianza kuchemka kwenye mbabula.

"Na mi, mama inspecteur?" aliuliza bila kugeuka. "Mi nitalala wapi?"

Kwenye msumari nyuma ya mlango kulikuwa na sweta ya sufu. Ngalula akaitungua, akamnyooshea.

"Vaa hii, mama," alisema. "Kule kunakuwaka baridi."